Kurasa Zetu na Viungo Vyake: Kuandika Historia ya Mahali katika Hazina za Mtandao, kwa Mfano wa Chanika na Uzaramo

Utangulizi

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Dar es Salaam kuelekea kusini-magharibi hupita Gongo la Mboto, akapanda vilima vya Pugu, na hapo njia hugawanyika: moja huenda Kisarawe, nyingine huenda Chanika. Wenyeji wa nchi hiyo huiita Uzaramo. Wakazi wapya, ambao wengi wamehamia huko wakitafuta kiwanja cha kujenga, huiita tu nje ya mji. Mwaka 1967 eneo ambalo leo ni Mkoa wa Dar es Salaam lilikuwa na watu wapatao 356,000; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ongezeko hilo halikukaa Kariakoo na Magomeni peke yake. Limekwenda Mbagala, Kimara na Gongo la Mboto, na limefika Chanika. Pamoja na watu zimekwenda sharika, na kila usharika huja na swali lake: historia ya mahali hapa ni ipi, nayo imeandikwa wapi?

Mwanafunzi wa leo akiulizwa swali hilo haanzi kwa kwenda kwa wazee. Huanza kwa kufungua simu. Akiandika neno "Chanika" hukuta kwanza kwamba kuna Chanika zaidi ya moja, maana ipo kata ya jina hilo Handeni na ipo nyingine Karagwe. Akiisha kuchagua ile ya Dar es Salaam, kwa kawaida huambiwa kwamba ni kata, kwamba imo katika mkoa fulani, na kwamba katika sensa fulani ilikuwa na wakazi kadhaa. Hayo ni kweli, nasi tunawashukuru walioyaandika. Lakini hakuna mtu ndani yake. Hakuna jina la mzee, wala la mwalimu wa dini, wala la aliyepanda mwembe wa kwanza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hazina za historia zilizomo katika mtandao leo zinaweza kupokea kurasa zetu wenyewe, nazo zinatungoja. La pili, ambalo kwetu ndilo kubwa zaidi, ni kwamba kuongeza ukurasa ni kutoa ushuhuda, na ushuhuda una amri yake. Ukurasa usiounganishwa na chanzo chake wala na jirani zake waweza kuwa ushuhuda wa uongo, hata kama kila neno lililomo limeandikwa kwa nia njema.

1. Uzaramo kama ilivyoandikwa na wengine

Habari za mwanzo wa kanisa letu katika nchi hii zinajulikana kwa tarehe zake. Mwaka 1887 mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam, ametumwa na chama cha misioni kilichoundwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wamisionari Wabenedikto wa Kanisa Katoliki walianza kazi Pugu. Januari 1889, katika vita vya watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, kituo chao kilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Mwaka 1892 Greiner alianzisha kituo cha Kisarawe, na mwaka 1895 kikafuata cha Maneromango. Kanisa la Azania Front lilijengwa kati ya mwaka 1898 na 1902. Mwaka 1903 kazi yote hiyo ilikabidhiwa kwa Misioni ya Berlin iliyokuwa kongwe zaidi. Mwaka 1910 misioni ilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Pwani na Bara. Mwaka 1925 Waanglikana walihamishia Minaki, jirani na Kisarawe, chuo chao kilichokuwa Kiungani, Unguja. Mara mbili, katika Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kanisa likabaki. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na mojawapo ya hayo saba lilikuwa Kanisa la Uzaramo-Uluguru.

Msomaji akiyatazama tena maelezo hayo ataona kwamba karibu kila tarehe ni tarehe ya mgeni kufika au kuondoka. Hatuzikatai tarehe hizo. Tunasema kwamba ziliandikwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetakiwa kuandika taarifa na kuipeleka Berlin, na kulikuwa na ofisi huko iliyoitunza. Mwalimu aliyekwenda kwa miguu kutoka Kisarawe hadi kijiji cha mbali, akafundisha alfabeti na Amri Kumi chini ya mwembe, hakutakiwa kuandika taarifa kwa mtu yeyote. Kwa hiyo yeye amekuwa "mwalimu mwenyeji" katika taarifa ya mwingine.

Chukueni mfano wa Martin Ganisya. Alikuwa mtu aliyekombolewa utumwani, akafundishwa na misioni, akawa mwalimu, na Wajerumani walipoondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza yeye alikuwa nguzo ya Walutheri wa Dar es Salaam na Uzaramo. Bila watu kama yeye, wamisionari waliorudi baada ya vita wasingekuta usharika wa kurudia. Hata hivyo waumini wengi wa sharika zetu za pembezoni wanalijua jina la Greiner na hawalijui la Ganisya. Tena hata jina lenyewe halikutulia: mahali pengine limeandikwa Ganisya, mahali pengine Nganisya. Mtu asiyekuwa na ukurasa wake mwenyewe hana hata mahali pa kusahihishia jina lake.

Vivyo hivyo kwa imani za Wazaramo. Martin Klamroth, aliyekuwa kiongozi wa misioni Dar es Salaam, alizichunguza na kuziandika kwa Kijerumani kabla ya vita ya 1914. Baada yake, katika miaka ya 1960, Marja-Liisa Swantz wa Ufini alikaa Bunju miongoni mwa Wazaramo, akatoa kitabu chake juu ya ibada na ishara zao mwaka 1970. Kazi hizo ni za thamani kubwa. Lakini wajukuu wa wale walioulizwa maswali hawakuweza kusoma majibu ya babu zao, maana yalikuwa katika lugha nyingine na katika maktaba za mbali.

2. Mafunzo mawili kabla ya mtandao

Wazo la watu kuandika historia ya mahali pao halikuletwa na kompyuta. Tunayo mifano miwili ya hapa kwetu ambayo yafaa kukumbukwa.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi wake kukusanya kwa wazee habari za Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza mwaka 1905. Kwa hiyo mzee aliyekuwa kijana wa miaka kumi na mitano wakati wa vita alikuwa na umri wa miaka sabini na minane mwanafunzi alipomfikia. Kazi hiyo ingecheleweshwa miaka kumi tu, sehemu kubwa ya ushuhuda ingezikwa. Tufanye hesabu hiyo kwa ajili yetu. Walioshuhudia wamisionari wakichukuliwa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili karibu wote wameondoka. Walioshuhudia watu wakihamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 wangali wapo, lakini kijana wa wakati ule sasa ni mzee. Muda tulio nao ni mfupi kuliko tudhaniavyo.

Mfano wa pili ni mradi wa Jipemoyo, uliofanyika kati ya mwaka 1975 na 1979 katika magharibi ya Wilaya ya Bagamoyo, na ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa mmoja wa viongozi wake. Humo wanakijiji hawakuwa watu wa kuulizwa tu. Walishiriki kuchunguza, kujadili na kuamua maarifa hayo yatumikeje. Mradi huo ulifundisha jambo ambalo kanisa lingepaswa kulijua tangu mwanzo: kwamba mwenye habari ni mwenye neno pia juu ya matumizi ya habari yake.

3. Hazina za mtandao na namna zinavyopokea kurasa

Kati ya hazina zilizopo leo, tunataja tatu zinazotuhusu moja kwa moja.

Ya kwanza ni Kamusi ya Wasifu wa Wakristo wa Afrika, iliyoanza mwaka 1995 New Haven, Marekani, chini ya uongozi wa Jonathan Bonk, na ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Boston. Tangu mwanzo ilikusudiwa isomwe bure, na lugha zake ni zaidi ya moja, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Waandishi wake wengi ni wanafunzi na walimu wa vyuo vya theolojia vya Afrika, ambao huandika maisha ya watu waliowafahamu au waliosimuliwa na waliowafahamu. Kazi ya darasani, ambayo zamani iliishia kabatini kwa mwalimu, huwa ukurasa wa kudumu. Jambo lingine la kupendeza katika kamusi hii ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa na masimulizi zaidi ya moja, yakakaa bega kwa bega bila la kwanza kufutwa. Sisi tusomao Injili nne hatuna sababu ya kushangazwa na utaratibu huo.

Ya pili ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Hapa yeyote aweza kuongeza ukurasa au kusahihisha uliopo, na kuuunganisha na mwingine. Lakini ina kanuni ambayo wanafunzi wetu hawana budi kuielewa kabla ya kuanza: haipokei habari ambazo hazijapata kuchapishwa mahali pengine panapoaminika. Simulizi la mzee wa Chanika, hata liwe la kweli kiasi gani, haliwezi kuingia humo likiwa simulizi tu. Ni lazima kwanza lichapishwe: katika kijitabu cha dayosisi, katika jarida kama hili, au katika tasnifu iliyowekwa maktabani. Wengine wameona kanuni hiyo kuwa ni dharau kwa mapokeo ya mdomo. Sisi tunaiona kuwa ni wito kwa vyuo vyetu. Kama daraja kati ya kinywa cha mzee na ukurasa wa mtandao halipo, ni nani wa kulijenga kama si sisi?

Ya tatu ni mikusanyo ya picha na magazeti ya zamani. Chuo Kikuu cha Southern California kimeweka katika mtandao picha nyingi za misioni, zikiwemo za Misioni ya Leipzig iliyofanya kazi Kilimanjaro na za Wamoravian wa Nyasa. Gazeti la walowezi Wajerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililotolewa Dar es Salaam tangu mwaka 1899, nalo lasomeka leo kwa kompyuta. Katika picha za namna hiyo mara nyingi mmisionari ametajwa kwa jina, na mwenyeji aliyesimama kando yake ametajwa kwa kabila lake au kwa kazi yake. Mjukuu aliyeko Machame au Rungwe aweza kumtambua babu yake katika picha ambayo mtunzaji wake hajui ni nani. Kumrudishia mtu jina lake ni kazi ndogo kwa mkono, bali ni kubwa kwa haki.

4. Juu ya viungo

Lugha yetu imefanya jambo la busara bila kukusudia. Neno tunalolitumia kwa kamba ile inayofunga ukurasa mmoja na mwingine katika mtandao ni kiungo, na ndilo neno ambalo Mtume Paulo katika Biblia yetu analitumia anapowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja na viungo vingi. Hatutaki kufanya mahubiri ya neno lililokutana na jingine kwa bahati. Lakini hoja ya Mtume yafaa hapa: kiungo hakina uhai peke yake, na jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Ukurasa wa Usharika wa Chanika usiokuwa na njia ya kwenda Kisarawe, wala Pugu, wala kwa Wazaramo, ni mkono uliokatwa.

Viungo ni vya namna nne. Kuna kiungo cha kupanda, kinachotoka katika usharika hadi jimbo na dayosisi, na kutoka mtaa hadi kata na wilaya. Hiki kinahitaji uangalifu, maana mipaka hubadilika. Manispaa ya Ilala, ambamo Chanika ilikuwamo, ndiyo iliyopandishwa mwaka 2021 kuwa Jiji la Dar es Salaam, na kata za pembezoni zimegawanywa zaidi ya mara moja. Anayeandika aseme ni mipaka ya mwaka gani.

Kuna kiungo cha kwenda kwa jirani, ambacho tutakizungumza katika sehemu ifuatayo. Kuna kiungo cha kurudi: ukurasa wa Chanika ukiitaja Kisarawe, mwandishi aende pia katika ukurasa wa Kisarawe aongeze njia ya kuja Chanika. Bila hivyo atakayeanzia Kisarawe hatajua kamwe kwamba Chanika imeandikwa.

Na kuna kiungo cha chanzo, ambacho ndicho kipimo cha ukweli. Hapa kuna tatizo la tahajia ambalo limewakwamisha wengi. Atafutaye "Kisarawe" katika hazina za Kijerumani huenda asipate kitu, kwa sababu Wajerumani waliandika "Kisserawe". Uzaramo waliiandika "Usaramo", na Dar es Salaam mara nyingi "Daressalam". Ukurasa mzuri utataja tahajia hizo zote, ili mtafutaji wa kesho asipotee njiani. Tena anwani za mtandao hufa. Kiungo kilichofanya kazi mwaka jana chaweza kufungua ukurasa mtupu mwaka huu. Kwa hiyo chanzo kiandikwe pia kwa maneno kamili: ni nani alisema, wapi, mwaka gani, mbele ya nani, au ni kitabu gani, kimechapishwa wapi. Ipo taasisi iitwayo Internet Archive, iliyoanza mwaka 1996, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za mtandao, na msomaji aweza kuiomba ihifadhi ukurasa wake. Pamoja na hayo, nakala ya karatasi ikae katika ofisi ya usharika. Diski zilizosambazwa kwa vyuo miaka ya nyuma leo hazina hata mashine ya kuzisoma, lakini kitabu cha ubatizo cha zamani kingali chasomeka, hata kama mchwa wamekula pembe zake.

5. Jirani na amri ya nane

Sisi tuandikao makala haya tunakiri kosa letu, maana ndilo lililotufundisha. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kuandaa kijitabu cha jubilei ya usharika mmoja wa pembezoni, upande huohuo wa Chanika. Katika ukurasa wa kwanza tuliandika kwamba kabla ya Wakristo kununua kiwanja na kujenga, mahali pale palikuwa pori tupu. Hatukudanganya kwa kukusudia. Ndivyo walivyotuambia wazee wa usharika, ambao wote walihamia kutoka mikoa mingine. Kijitabu kikapendwa, na kijana mmoja akakiweka katika mtandao.

Baadaye mzee wa Kizaramo, Mwislamu, alibisha hodi katika ofisi ya usharika. Alikaribishwa, akakaa, akaulizia afya za watu. Ndipo akauliza kwa upole: "Ile miembe mitatu nyuma ya kanisa, nayo ilijiotea?"

Miembe ile ilipandwa na bibi yake. Karibu nayo kulikuwa na makaburi, ambayo yeye aliweza kuyaonyesha kwa mkono. Katika desturi za pwani mti wa kudumu, mwembe au mnazi au mkorosho, una mwenyewe, na ni shahidi kwamba watu waliishi mahali pale. Kwa kuandika "pori tupu" tulikuwa tumewafuta watu wale kwa maneno mawili. Si hilo tu. Mahali ambapo viwanja vinagombaniwa kila siku, ukurasa uliochapishwa kwa jina la kanisa waweza kubebwa hadi baraza la ardhi na kutumiwa kumnyang'anya mtu haki yake. Tuliusahihisha ukurasa. Tulipomuuliza mzee kama angependa jina lake litajwe, alikataa. Alitaka jina la bibi yake. Limeandikwa. Lakini nakala za kwanza hatukuweza kuzirudisha zote, na hilo latusikitisha hata leo.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoifafanua amri ya nane haishii katika kukataza uongo. Anatutaka tumtetee jirani, tumnene mema, na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio bora. Tumezoea kuifundisha amri hii kwa watoto wa Kipaimara kama amri ya ulimi. Kwa mwanahistoria ni amri ya kalamu pia. Tena uongo mkubwa wa historia mara nyingi haumo katika jambo lililosemwa, bali katika lililonyamaziwa. Usharika unaoanza historia yake siku ulipofika wenyewe umemshuhudia jirani uongo, hata kama tarehe zake zote ni sahihi.

Kwa hiyo kiungo cha jirani si pambo. Ukurasa wa usharika wa Chanika unapaswa kuwa na njia ya kwenda kwa Wazaramo na desturi zao, kwa misikiti iliyokuwapo kabla ya makanisa, kwa Wakatoliki wa Pugu na Waanglikana wa Minaki. Wengine watauliza kama huko si kulitangaza lisilo letu. Tunajibu kwamba mtu anayemtaja jirani yake kwa haki hajaikana imani yake. Amekiri tu kwamba hakufika mahali patupu, na kwamba Mungu alikuwa akiwalisha watu mahali pale kabla yeye hajafika.

6. Yasiyopaswa kuwekwa

Bidii bila busara yaweza kuleta madhara. Wapo wanafunzi waliokwisha kupendekeza kwamba vitabu vyote vya sharika vipigwe picha na kuwekwa katika mtandao. Tunaunga mkono kupiga picha kwa ajili ya kuhifadhi. Karatasi inaharibika na unyevu wa pwani hauna huruma. Lakini kuhifadhi ni jambo moja, na kutangaza ni jambo jingine.

Kitabu cha ubatizo chaweza kuonyesha ni mtoto gani aliyeandikwa bila jina la baba. Kumbukumbu za baraza la wazee huonyesha ni nani aliyetengwa, kwa kosa gani, na ni lini aliporudishwa. Mambo hayo mchungaji aliyapokea kwa amana. Aliyerudishwa kundini akasamehewa hapaswi kukutana na kosa lake tena katika simu ya mjukuu wake. Zaidi ya hayo, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo yawataka wenye kukusanya taarifa za watu wafuate taratibu na kuheshimu ridhaa zao. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, siri ya uchungaji ingetosha.

Tunapendekeza kanuni rahisi. Walio hai wasiandikwe bila idhini yao. Habari za marehemu zijadiliwe kwanza na familia. Anayesimulia asomewe yaliyoandikwa kabla hayajatoka, kwa lugha anayoielewa, naye awe na haki ya kusema, "Hili liondoeni." Mahali pa ibada za jadi na makaburi yaelezwe kwa heshima, na pasipo ruhusa ya wenyewe yasionyeshwe yalipo hasa.

7. Kazi ya mchungaji na ya mwanafunzi

Namna ya kuanza si ngumu. Mwanafunzi anayekwenda mazoezini usharikani aweza kupewa ukurasa mmoja tu: mtu mmoja, au mahali pamoja, au tukio moja. Ukurasa wenye mambo mengi hauunganiki vizuri na kingine. Wenye jambo moja hushikika kwa pande zote. Aanze na wasiokuwa na kurasa: mwinjilisti wa kwanza, mama aliyepokea ibada nyumbani kwake kabla kanisa halijajengwa, fundi aliyeezeka, mwenyeji aliyetoa au kuuza kiwanja. Awasikilize wazee watatu au zaidi juu ya jambo hilohilo, na wasipokubaliana aandike kwamba hawakubaliani. Mwinjili Luka mwenyewe, mwanzoni mwa kitabu chake, akiri kwamba wengine walikwisha kuandika kabla yake. Naye hakuona hilo kuwa sababu ya kutochunguza upya.

Mchungaji wa usharika ana kazi ya kufungua kabati. Vitabu viorodheshwe, na orodha ipelekwe dayosisi. Si lazima yeye aandike; ni lazima asizuie. Chuo nacho kina kazi ya kupokea, kupima na kuchapisha, ili simulizi lipate mahali pa kutajwa na hazina nyingine. Na yaandikwe kwa Kiswahili. Tafsiri zitafuata. Mzee wa Chanika aliyetusahihisha aliweza kufanya hivyo kwa sababu moja tu: kijitabu chetu kilikuwa katika lugha anayoisoma. Kingekuwa Kijerumani au Kiingereza, pori tupu lingekuwa limebaki pori tupu.

Hitimisho

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yachukuliwe mtoni na kusimamishwa, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Tuangalie kwamba hesabu ya mawe ilikuwa hesabu ya makabila yote. Hakuna kabila lililoachwa bila jiwe, wala hakuna lililosimamisha mawe yote kumi na mawili peke yake.

Hazina za mtandao zimetupa nafasi ya kuweka jiwe letu kando ya mengine. Kwa muda mrefu historia ya kanisa letu katika Uzaramo ilisubiri taarifa kutoka Berlin. Sasa ukurasa waweza kuandikwa Chanika asubuhi na kusomwa Berlin jioni, na anayesoma huko aweza kuongeza barua ya mwaka 1892 ambayo sisi hatujaiona. Hilo ni jema. Lakini kabla ya kuubonyeza ukurasa uende, tutoke nje, tuzunguke nyuma ya kanisa, tuitazame miembe, na tuulize ni nani aliyeipanda.